Nani aliyesema msibani lazima kanga?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, nimeolewa Tanga. Mwezi huu tulifiwa upande wa mume wangu. Nikavaa gauni jeusi refu, la mikono mirefu, na mtandio kichwani. Nilipoingia ndani, shangazi yake mume wangu alinitazama juu hadi chini, akaingia chumbani, akatoka na kanga akaniambia, "Jifunge, mwanangu." Hakunikaripia, lakini nilijua nimekosea mbele za watu. Kwetu gauni lile ndilo la msiba. Kanuni hizi anazitunga nani? Mbona hazisemwi mpaka uzivunje? Na zinabadilikaje, maana mama mkwe anasema zamani hata mtandio ule usingetosha? Nina binti wa miaka kumi na mmoja, nimfundishe ipi?

JIBU: Marahaba, na poleni sana na msiba.

Naanza na kanga ya shangazi, kwa sababu nadhani hukumwelewa. Gauni lako jeusi lilisema una huzuni. Kanga inasema jambo jingine kabisa: inasema umekuja kufanya kazi.

Msibani Tanga, au Mombasa, au Pemba, mwanamke huja na doti nzima. Kipande kimoja anajifunga kiunoni juu ya nguo aliyoivaa, cha pili anajitanda kichwani na mabegani. Hapo yuko tayari kwa lolote. Akiitwa jikoni, anakaza kile cha kiunoni kikawa kibwebwe, anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi au anachukua ungo anapepeta mchele. Akiachiwa mtoto wa mfiwa, cha juu kinageuka mbeleko. Mkeka ukijaa, anatandika kimoja anakaa. Machozi yakimtoka, pindo lipo. Kisha kuna kazi nyingine ambayo hakuna anayeitaja: kanga inafuta cheo. Mke wa mkurugenzi na mama ntilie wakishajitanda na kukaa chini, anayeingia hawezi kujua yupi ni yupi. Mkufu umefunikwa, gauni la bei limefunikwa.

Kwa hiyo shangazi hakukuaibisha, hata kama wewe uliona haya. Mgeni wa kuheshimiwa huachwa na gauni lake, huvutiwa kiti, huletewa maji, na akiaga husindikizwa mpaka nje. Wewe uliambiwa "jifunge" kwa sababu umeshahesabiwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani anatakiwa jikoni. Ningekuwa wewe ningeogopa zaidi kama angekuacha ulivyo.

Sasa angalia misiba ya mijini, Dar es Salaam au huko kwenu Dodoma. Chakula kinapikwa na mpishi wa kukodi. Viti vya plastiki na turubai vinakuja kwa gari. Kamati inapanga bajeti, rambirambi inaingia kwenye simu ya mhazini badala ya kuandikwa kwenye daftari lililowekwa mlangoni. Mwanamke aliyekuja kuhani hana nazi ya kukuna. Kanga bado utaiona, tena nyingi, lakini haidaiwi kama zamani, kwa sababu kazi iliyoifanya iwe lazima imechukuliwa na mtu anayelipwa. Nafasi ikishakuwa wazi, nguo nyingine huingia: gauni jeusi, kitenge cha sare, fulana yenye picha ya marehemu kifuani. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hayo, na watu wa mjini hawajakosa adabu. Adabu yao imehama kutoka jikoni kwenda kwenye mchango.

Hilo ndilo jibu la kwanza la "nani anatunga": kanuni ya mavazi hufuata kazi, na hasa hufuata swali la nani anamfanyia nani kazi. Si dhana tu. Historia ya pwani imejaa ushahidi, na mwingine si mtamu kuusikia.

Unguja na Pemba kabla ya mwaka 1897, utumwa ulipofutwa kisheria, nguo ndiyo ilikuwa kitambulisho. Mtumwa mwanamume alitembea kichwa wazi, kofia ilikuwa ya waungwana. Viatu vilevile. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki, au merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Marekani, na kujitanda kichwa hakukuwa haki yake. Haikuhitaji mpiga mbiu. Mtoto mdogo alijua nani ni nani kwa kumtazama kichwani na miguuni.

Watu walipopata uhuru, moja ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya ni kuvaa. Wanaume wakatia kanzu na kofia. Wanawake wakaziacha kaniki wakajifunga kanga, nguo ambayo wakati ule ilikuwa mpya kabisa. Kanga ilizaliwa robo ya mwisho ya karne ya 19, pale wanawake wa pwani waliponunua leso kwa jora, vitambaa vya mraba vilivyochapwa mfululizo, wakavikata na kuvishona sita kwa pamoja, vitatu juu na vitatu chini. Wafanyabiashara wakaona soko, wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa hivyo. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kwa hiyo nguo ambayo leo tunaiita mila, bibi wa bibi yake shangazi huenda aliiona ikiingia kama fasheni ya vijana wa mjini. Na sina shaka palikuwa na mzee aliyeguna.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa upande wa juu wa ngazi. Mwanamke wa kiungwana wa Lamu alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa. Shiraa haikuwa nguo ya kuvaa, ilikuwa kama hema: kitambaa kikubwa kilichoshikiliwa juu na watumwa wake, nao wanatembea kila upande, bibi yuko katikati. Hivyo ndivyo stara ilivyotakiwa kwa mtu wa hadhi yake. Sasa watumwa wakiachiwa huru, shiraa anaibeba nani? Haikukatazwa na sheria yoyote. Ilikosa mikono tu. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907, na miongo iliyofuata buibui, lililotoka kusini mwa Uarabuni, likaenea pwani nzima. Buibui lilikuwa na faida moja kubwa: mwanamke anajisitiri mwenyewe, bila mbebaji.

Tena lilikuwa kitambaa cheusi kimoja, bei yake inafikika. Basi mjukuu wa mtumwa naye akalivaa, akapita barabara ileile aliyopita mjukuu wa bwana, na anayewatazama kwa mbali hawezi kuwatofautisha. Nguo ya kujitenga ikawa nguo ya kila mtu. Ikifika hapo, walio juu hawakai tuli, hutafuta pa kuhamia. Wanaanza na kitambaa laini zaidi, hariri, dhahabu, udi na manukato. Baadaye, kuanzia miaka ya 1980 na 1990, ikaingia abaya ya koti kutoka Dubai na Muscat, iliyoletwa kwanza na wenye jamaa huko. Buibui la zamani lilifungwa kwa kamba kichwani na kushikwa kwa mkono chini ya kidevu, ndani yake kuna kanga. La sasa lina mikono na vifungo, na mtandio ni kitu cha peke yake kinachonunuliwa kwa rangi unayotaka. Leo ukilitafuta la kamba utalikuta kwa mabibi wachache tu. Wazee niliowahi kuzungumza nao waliliona hili jipya kama nguo ya kujionyesha. Sasa hivi hakuna anayekumbuka kwamba lilipingwa, limeshakuwa ndilo la heshima.

Kwa hiyo mama mkwe wako akisema zamani mtandio usingetosha, anasema kweli, ila ni kweli ya zamani yake. Zamani ya mama yake ilikuwa nyingine, na ya bibi yake nyingine tena.

Umeuliza mbona kanuni hizi hazisemwi mpaka uzivunje. Kanuni yenye nguvu haihitaji kusemwa, kila mtu ameinyonya na maziwa. Ukiona imeandikwa, tena kwa herufi kubwa na chini yake adhabu, ujue watu wengi wameshaacha kuifuata. Ndiyo maana nikisoma waraka wa mavazi huwa nausoma kama ripoti ya hali halisi: yaliyokatazwa humo ndiyo watu wanayoyavaa.

Chukua Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Sababu iliyotolewa ni kulinda utamaduni wa taifa. Barua zikamiminika magazetini, za kuunga mkono na za kupinga, na baadhi ya wasomaji wakauliza swali zuri sana: mbona serikali hiyohiyo inaendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na kuvaa suruali, halafu inawaambia wasichana wa Dar es Salaam kwamba nguo za Ulaya si utamaduni wetu? Sijawahi kuona jibu la kuridhisha. Kule Uganda, Idi Amin naye alipiga marufuku vimini mwaka 1972. Na baada ya marufuku yote hayo zikaja bugaluu, suruali pana chini, na raizoni, viatu vya soli nene, vijana wa kike na wa kiume wakazipokea kwa mikono miwili. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na minane mwaka 1968 sasa amevuka sabini. Msikilize leo sebuleni akisema mabinti wa siku hizi wanatembea uchi, kisha muombe akuonyeshe albamu yake ya picha.

Kuna jambo katika kisa kile ambalo watu hulipita haraka. Hata kabla azimio halijaanza kutumika, makundi ya vijana wa kiume yalikuwa yameshawavamia wanawake waliovaa nguo fupi na za kubana kwenye stendi ya mabasi Kariakoo, mpaka polisi wakaingilia. Miaka arobaini na sita baadaye, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo mchana kweupe kwenye steji ya matatu jijini Nairobi, kwa madai yaleyale, na wanawake wakaandamana katikati ya mji kudai kwamba nguo ni yao na uamuzi ni wao. Kwa nini stendi? Kwa sababu pale wanakutana watu wasiojuana. Nyumbani kanuni inalindwa na shangazi, ambaye kesho mtakutana tena, ambaye ana sababu ya kukupa kanga badala ya kukuvua. Stendi mlinzi amejiteua mwenyewe, hakujui, hana cha kupoteza. Akikugusa, hilo si suala la maadili wala mila, ni kosa la jinai. Nalisema wazi kwa sababu ya huyo binti yako, ambaye siku moja atasikia mtu akiyachanganya.

Mabunge yetu nayo ni mahali pazuri pa kutazama kanuni inavyohangaika. Septemba 2018 Spika Job Ndugai alipiga marufuku kope na kucha za bandia kwa wabunge wa Tanzania. Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitakiwa kutoka ukumbini kwa sababu ya suruali aliyoivaa. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akazuia suti za Kaunda katika Bunge la Kenya, wakati ambapo Rais Ruto mwenyewe alikuwa haivui. Hili la mwisho lilinichekesha. Suti ile isiyohitaji tai ilivaliwa na kizazi cha uhuru kama njia ya kuonyesha kwamba kiongozi wa Kiafrika si nakala ya bwana wa kikoloni. Imezeeka, imerudi, na sasa inaambiwa ndiyo utovu wa nidhamu, na tai ndiyo heshima. Kwetu Tanzania tai ilirudi kimyakimya zaidi: baada ya mageuzi ya uchumi ya katikati ya miaka ya 1980 mitumba ilimwagika sokoni, na suti ikawa kitu ambacho karani anaweza kukichagua rundoni Jumamosi na kukipiga pasi Jumapili.

Ofisi za serikali nazo zina yale mabango ya getini, picha ya kimini imepigwa mstari wa kukataza, jinzi imepigwa mstari wa kukataza, kandambili nazo. Sitayasemea mengi. Ukweli ni kwamba mwananchi aliyetoka mbali kufuata cheti cha kuzaliwa, akarudishwa kwa ajili ya kaptura, haelimishwi adabu. Anajifunza kumtafuta wa kumuazima kitenge, na nje ya baadhi ya ofisi hizo hakosekani.

Kuna kuandika kwa namna nyingine, na nisipoitaja utaniona nimepunja. Kadi za harusi na za kitchen party siku hizi zinataja rangi: zambarau na dhahabu, au kijani cha jani la mgomba. Hapo si kwamba kanuni inakufa. Ni kwamba walioalikwa hawatoki mtaa mmoja tena. Yupo wa kazini kwa bwana harusi, wa chuoni kwa bibi harusi, wa kanisani, wa kundi la WhatsApp ambaye hajawahi kuonana na yeyote. Zamani mtaa mzima ulijua bila kuambiwa, sasa lazima mtu aambiwe. Hilo naliona sawa. Kinachonikera ni sare yenyewe ilivyogeuka kuwa kodi. Kamati inachagua kitambaa, inataja bei, unashona, unavaa siku moja. Asiyeshona haambiwi asije, lakini wakati wa picha anajikuta pembeni. Kanga ilimficha maskini katikati ya wenzake. Sare inamtoa nje aonekane. Watu husema zote mbili ni mila, na kwa macho zinafanana, wanawake wengi kwa vazi moja, lakini zinafanya kazi zinazopingana.

Tuje kwa binti. Usimpe orodha ya nguo, itachacha kabla hajamaliza sekondari. Mfundishe kusoma chumba anapoingia: viatu vimeachwa wapi, wanawake wa rika la mama yake wamekaa chini au kwenye viti, nani anahudumu na amevaaje. Anayehudumu ndiye wa kuiga, siyo aliyependeza kuliko wote. Mfundishe pia kwamba kanuni za sehemu moja si za dunia nzima. Huku kwetu akimpita mtu mzima bila shikamoo ataitwa jeuri. Akienda Nairobi atakuta wazee wengi hawaitarajii, na hawajakasirika. Asiwaone hawana adabu, na asiione ya kwao ndogo. Na akizoea kubeba kanga moja kwenye mkoba hatapata hasara: haina uzito, na sijui shughuli ya pwani ambayo haitaifaa.

Kuhusu lini hii ya Tanga itabadilika, tazama jiko. Ukoo wa mume wako bado unajipikia? Basi kanga itadaiwa, na wewe ukiwa mke wa ukoo utadaiwa zaidi ya mgeni. Siku wakianza kukodi mpishi, mwanzoni watasema ni kwa ajili ya msiba mkubwa tu, kisha itakuwa kawaida, na kanga itabaki kwa wazee waliokaa mbele karibu na mfiwa, huku vijana wakija na walichonacho. Pengine itachukua miaka mingi, maana mpishi wa kukodi anahitaji fedha na Tanga ya mitaani bado inajipikia vizuri tu.

Arobaini ya marehemu nadhani haiko mbali. Mpigie wifi yako leo, umuulize mambo mawili: kama kuna sare, na kama mnapika wenyewe. Jibu la hilo la pili ndilo litakalokuambia uvae nini.